Miti ya Mama Nyuma ya Ukuta wa Chuo

Chuo ninakofundisha kina geti moja, na mama yangu alikatazwa kulipita. Naliweka hilo mbele kabisa ili msomaji asije akaniona mchungu bila sababu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hata wanafunzi wangu wanajua; wakiona nimevua miwani, wanazima simu zao wenyewe. Lakini hasira hii si ya karibu. Imeishi na mimi miaka, inakula na kulala nyumbani kwangu kama shemeji asiye na kazi.

Chuo chenyewe ni kidogo, cha watu binafsi. Ukishuka Lodwar ukamwambia mtu wa boda boda akupeleke chuoni, atakuuliza kwanza ni kipi, maana siku hizi viko kadhaa. Mwambie kile cha kwenye miti. Tuna madarasa machache ya matofali karibu na mto, maktaba ambayo zamani ilikuwa stoo ya mahindi ya msaada, ofisi yenye feni mbili, kantini ya chapati na maharagwe, na juu ya yote hayo, migunga mikubwa yenye kivuli ambacho sijakiona kwingine Turkana nzima. Tawi letu la Kakuma, ninakofundisha siku nyingi za wiki, halina hata mti mmoja wa kuringia. Ni vyumba vya mabati vya kupanga nyuma ya soko. Ikifika saa nane mchana, unajipepea kwa kitabu kile kile unachofundishia.

Sasa nieleze habari ya miti, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka.

Kwetu mto una wenyewe. Sisemi maji, maji huja yanapotaka na kuondoka bila kuaga. Nasema miti ya ukingoni. Kila kipande cha miti hiyo kina familia yake, na tunakiita ekwar. Kiangazi kinapokolea na nyasi zikaisha kabisa, migunga huangusha maganda yake, yale ya rangi ya manjano yaliyojikunja, na hayo ndiyo yanayobakiza mbuzi hai mpaka mvua. Mwaka mbaya, hata watu huyasaga wakala. Hakuna anayetikisa mti wa mwenzake bila kuomba. Na hakuna karatasi. Ekwar hushikwa kwa kutumiwa: watu wakuone kila kiangazi uko pale na upembo wako, ile fimbo ndefu yenye ndoano, unatikisa, unaokota, unajaza gunia. Ukipotea misimu, watu huanza kusema miti ile haina mtu, na siku moja mwingine atakuja na upembo wake na hakuna atakayemuuliza. Miti ya chuo ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, ikawa ya baba, na baba alipokufa ikabaki mikononi mwa mama.

Mwanzilishi wa chuo alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kenya. Usishangae, huku kwetu mtu akipanda basi la Kitale tunasema ameenda Kenya. Alikuja na gari bovu na ndoto kubwa, akamwona chifu, na chifu, ambaye alijua mambo, hakumwonyesha ardhi. Alimleta nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, nimekaa tu, nakodolea macho barabara. Yule mzee alichuchumaa mbele ya mama, akatoa sukari na tumbaku, akaeleza kwamba anataka mahali pa kufundishia vijana ili wasiwe wanaenda mbali. Mama alitafuna tumbaku yake mpaka ikaisha utamu. Kisha akasema wanaofundisha watoto wakae kivulini, hakuna shida, ila maganda ni yake na hakuna mti utakaokatwa. Mzee akasema ejok, yaani ni vyema. Neno hilo peke yake ndilo alilokuwa amejifunza, lakini alilishika mpaka mwisho.

Alizungusha uzio wa miiba kama wetu, na upande wa mto akaacha nafasi. Kila mtu aliiita mlango wa mama. Nilikuwa katika darasa la kwanza kabisa. Hatukuwa na dawati. Tulikaa juu ya magogo, ubao umefungwa kwenye shina kwa kamba ya katani. Kiangazi kikifika, mama aliingia na upembo wake katikati ya somo, akatikisa matawi juu ya vichwa vyetu kama hatupo. Siku moja ganda liliangukia kwenye chai ya yule mzee alipokuwa akitufundisha falsafa ya elimu. Alilitoa kwa kidole, akalitupia mbuzi, akanywa chai yake, akaendelea. Nampenda mpaka leo kwa lile funda moja la chai.

Alizeeka, akaugua, watoto wake wakamchukua wakamrudisha kwao, na huko ndiko alikozikwa. Wakaja wengine. Sisemi walikuwa wabaya. Walikuja na kompyuta, walilipa mishahara kwa wakati, walifungua tawi la Kakuma na kunipa kazi. Lakini wakaguzi kutoka Nairobi walipotembelea, walisema chuo bila ukuta si chuo. Basi ukajengwa ukuta wa mawe, mrefu kuliko mtu, na mlango wa mama ukazibwa kama tundu la panya. Mimi nilikuwa Kakuma nikisahihisha mitihani. Hakuna aliyemuuliza mtu yeyote. Waliona pengo kwenye uzio, wakadhani ni mahali mbuzi wanapoharibu.

Kiangazi kilichofuata mama alifika getini na majirani wawili, magunia begani. Askari wa getini alikuwa kijana wa ukoo wetu, mama mwenyewe alimbeba mgongoni alipokuwa mchanga.

"Toto," akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "mimi nimeambiwa nisiingize mtu hana kitambulisho."

Mama hakugombana naye. Aliketi chini nje ya geti mpaka jua likawa kali, akayasikia maganda yakidondoka ndani, kisha akarudi nyumbani na gunia tupu. Dada yangu ndiye aliyenipigia. Niliacha darasa, nikapanda gari la kwanza kutoka Kakuma, na njia nzima nilikuwa nimevua miwani.

Mkuu wa chuo alinipokea vizuri. Huyu bwana ana tabia ya kukupa soda unapokuja kumtukana, na soda inakuharibia mpango. Alinisikiliza, akajifuta jasho, akasema, "Mwalimu, hii si shida. Mama aje pale getini, aandikwe kama mgeni, apewe kadi ya mgeni, aokote anavyotaka. Mimi nitawaambia."

Nilidhani nimeshinda. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mama hivyo, nikitabasamu kama mjinga.

"Mgeni ni nani?" mama akauliza.

Nikaacha kutabasamu.

"Na wewe unaingiaje?"

Nikamwonyesha kadi yangu ya kazi, yenye picha yangu na nembo ya chuo. Aliigeuza, akainusa, kweli aliinusa, akanirudishia. "Hii inasema wewe ni wa nani?"

"Wa chuo, mama."

"Basi ukiingia nayo, sisi hatujaingia."

Nilikasirika. Nilimwambia anafanya ukaidi wa bure, kwamba mbuzi hawali heshima, kwamba maganda ni maganda tu. Alinitazama kwa huruma ambayo ilinikera zaidi. Alichotaka hakikuwa maganda, nami nilikijua tangu utotoni. Alitaka watu wamwone akiokota kama mwenyewe, kabla miguu yake haijaisha, ili baada yake nami nionekane. Akiingia kwa ruhusa, mbele ya watu wote atakuwa ameomba. Na ukiomba kilicho chako, tayari umekitoa.

Kiangazi kingine kikapita hivyo. Majirani wakaanza maneno. Kuna jamaa mmoja mwenye miti iliyopakana na yetu, alianza kutaja ekwar ya marehemu, kana kwamba marehemu hakuacha mtu.

Kisha likaja jambo la ukumbi. Wakaguzi walirudi, wakasema chuo kikikosa ukumbi wa mitihani hakitapewa kibali tena. Mkuu alituita sote, wa Lodwar na wa Kakuma, akatuonyesha mchoro. Ukumbi ulikuwa umekaa mahali pale pale penye migunga mikubwa kuliko yote. Nikauliza kwa nini usijengwe upande wa kantini. Akasema kule maji hupita mto ukifurika, na hapo alisema kweli, sote tumeogelea kantini. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hakuwa anasema uongo.

Kule Kakuma niliwaeleza wanafunzi. Wengi wao ni wakimbizi, Wakongo na Warundi wa kambini na wa makazi ya jirani ya Kalobeyei, watu wazima wanaokuja darasani wamekwisha kupanga foleni ya maji. Kuna mama mmoja wa Bukavu, mkubwa kuliko mimi, mwanafunzi wangu bora ingawa anabishana kila kitu. Alibaki baada ya wenzake kutoka.

"Mama mwalimu, miye nakuambia ukweli. Nataka hiyo nyumba ijengwe. Shule nilianza kwetu, vita ikanikatisha. Nikaanza tena hapa. Hii chuo ikifungwa, nitaanza tena wapi? Miye nishazeeka."

"Na miti ya mama yangu?"

"Miti itaota."

Nikavua miwani. Nikamuuliza, kwa ukali ambao mwalimu hapaswi kuwa nao, kama kwao hawakuwa na shamba.

"Tulikuwa nayo," akasema. "Ya mihogo na ndizi. Sasa iko watu mule."

"Wanasemaje?"

Alikusanya vitabu vyake taratibu, akavifunga kwenye kitenge. "Wanasema walikuta pori," akasema, akaondoka bila kuniaga. Nilibaki pale na chaki mkononi, nimeona haya, sijui kwa nini ni mimi niliyeona haya.

Mahafali yalipokaribia, mkuu aliniomba niandike historia fupi ya chuo kwa ajili ya kile kijitabu wanachogawiwa wageni, kwa kuwa mimi ni wa darasa la kwanza. Niliandika yote: kuchuchumaa kwa mzee, tumbaku, ejok, mlango wa mama, ganda kwenye chai. Nilijivunia. Kijitabu kilipotoka, chenye rangi nzuri na picha ya mkuu, historia yangu ilikuwa imekuwa mistari sita. Wa kwanza ulisema chuo kilianzishwa kwenye ardhi iliyokuwa tupu kando ya mto. Nilipomuuliza, aliniambia kwa upole kwamba wenye pesa za ukumbi watasoma kile kijitabu, na hawezi kuwapa kesi mkononi. Safari hii nilikataa soda.

Mwaka huo mdogo wetu wa mwisho alikuwa anahitimu, na siku ya mahafali mzazi haulizwi kitambulisho. Mama alisema atakuja. Nilifurahi, nikadhani ameregeza kamba. Alifika amevaa shanga zake zote shingoni na shuka jekundu, na badala ya fimbo ya kutembelea alishika upembo. Askari wetu wa getini aliuona, akageuka akaanza kupekua mkoba wa mtu mwingine kwa bidii kubwa.

Mahema yalikuwa yamefungwa chini ya miti, maana hakuna pengine penye kivuli. Nilitoka kwenye safu ya walimu, nimevaa joho linalochoma kama blanketi, nikaenda kumsalimia. Alikuwa akitazama mashina. Kila shina la ile migunga mikubwa lilikuwa limezungushwa mstari wa rangi nyekundu.

"Hii ni dawa ya mchwa?" akaniuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia ni alama za fundi, kwamba miti hiyo itakatwa kujengwa ukumbi. Alitema tumbaku yake pembeni na kuniambia nirudi nikakae na wenzangu.

Mgeni wa heshima kutoka ofisi za kaunti alikuwa katikati ya hotuba, kwa Kiingereza, mama aliposimama. Alitoa gunia lililokunjwa chini ya shuka lake, akainama, akaanza kuokota maganda katikati ya viti, mbele ya watu wote, akiwasogeza wageni miguu kwa mkono kama anafagia kwake. Mkuu wa chuo alimwona. Bwana yule, ambaye hana ubaya wa moyo, alichukua maikrofoni mgeni alipotua kunywa maji, na uso wake uliwaka furaha.

"Mabibi na mabwana, mmemwona mama yetu? Sisi tumekaa, yeye anasafisha mazingira ya chuo. Huo ndio upendo kwa elimu. Tumpigie makofi."

Safu za mbele zilipiga makofi. Safu za nyuma, walikokaa wazazi wetu, hakuna aliyepiga. Walikuwa wamenyoosha shingo, wanatazama vizuri ili wakumbuke, na wote walijua wanachokitazama. Yule jamaa wa miti ya jirani naye alikuwepo, binti yake alikuwa anahitimu. Nilimwona akiangalia viatu vyake.

Ndipo mama akaniita. Aliniita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwalimu mwenzangu aliyelijua, akaninyooshea upembo juu ya vichwa vya watu.

"Njoo. Mikono yangu haifiki tena."

Nitasema nilivyohisi. Niliogopa. Nina mkopo wa nyumba, nina watoto shuleni, na mwajiri wangu alikuwa ameshika maikrofoni. Lakini nilimwona mama amesimama amenyoosha mkono wenye upembo, na watu wote wanangoja waone kama kuna wa kuupokea. Nikaenda. Nilinasa tawi lililokuwa juu ya hema kubwa, nikatikisa kwa hasira yote ya miaka ile.

Maganda yaliangukia turubai kama mvua. Huku kwetu watu husahau hata majina yao wakisikia mvua. Hema zima liliinua macho, na mgeni wa heshima akaweka kiganja nje akipima matone. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele, na mwingine, na mwingine.

Mtu aliinama karibu yangu. Alikuwa yule mama wa Bukavu, katika joho lake la kuhitimu. Alifungua kitenge alichokuwa amejifunga ndani, akakitandaza chini.

"Tikisa, mama mwalimu," akasema. "Miye niko naokota."

Mkuu alinifikia amekunja uso, akaninong'oneza, "Mwalimu, unafanya nini?"

"Nakuonyesha ile ardhi tupu," nikamwambia, na sikunong'ona.

Alimwangalia mama, akawaangalia wanawake wa nyuma waliokuwa wamesimama, akaangalia rangi kwenye shina. Niliona maana inamwingia. Alirudi mahali pake, akaizima maikrofoni, na mgeni wa heshima akamaliza hotuba yake bila kipaza sauti, hakuna aliyemsikia. Gunia lilipojaa, mama alitoka nalo kwa geti, akiwa mbele, sisi nyuma, na yule kijana wa ukoo wetu alifungua pande zote mbili kama anavyofungulia magari ya wakubwa.

Sikufukuzwa. Nilipewa onyo na maneno ya upole, ambayo kwangu ni mabaya kuliko makali. Ukumbi haujajengwa, wenye pesa wamesita, wengine wanasema ni kwa sababu yangu. Kibali cha chuo kimeongezwa kwa muda mfupi tu, na wanafunzi wangu wa Kakuma wananiuliza kila wiki itakuwaje. Yule mama wa Bukavu alihitimu, lakini nyuma yake kuna darasa zima. Silali vizuri. Nikifumba macho naona miti imekatwa, nikigeuka upande wa pili naona chuo kimefungwa, na pande zote mbili kosa ni langu. Rangi nyekundu bado iko kwenye mashina.

Miguu ya mama imekwisha. Anakaa kwa dada yangu nje ya mji, hawezi kufika hata barabarani. Jana alinipigia kwa simu ya dada, akauliza kama maganda yameanza kuanguka. Nikamwambia yameanza.

"Umeingia?"

"Nimeingia, mama. Juzi tulikuwa na mkutano wa walimu."

Nilisikia mbuzi nyuma yake.

"Uliingia na gunia?"

"Hapana."

"Basi hujaingia," akasema, akamrudishia dada simu.